Kerneli ya mwenye nyumba

Nimepotea kidogo kwa sababu kazi zilinibana, lakini leo nimerudi na hadithi ndefu. Kama una chai karibu, mimina kabisa.

Hadithi yenyewe inaanza na amri moja fupi: uname -r. Kwa wale ambao hawajawahi kuitumia, ukiiandika kwenye mashine ya Linux inakutajia toleo la kerneli inayoendesha mashine hiyo. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo. Ni ile programu inayokaa kati ya vifaa, yaani kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, na programu nyingine zote. Usiku mmoja wa mwaka wa 2021 niliandika amri hiyo mara nne mfululizo, nikitumaini kwamba jibu litabadilika. Halikubadilika. Mara zote nne: 2.6.32.

Kerneli 2.6.32 ilitolewa Desemba 2009. Mimi mwaka huo nilikuwa shule ya msingi. Na dakika kumi tu kabla ya kuandika amri ile, nilikuwa nimeweka kerneli mpya, 3.16, nikaiona kwa macho yangu ndani ya saraka ya /boot, nikawasha seva upya. Seva ikarudi vizuri, ikiwa na kerneli ileile ya zamani, kana kwamba sikufanya kitu.

Seva hiyo ilikuwa ya ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi makarani huandika kilo za kila mkulima kwenye simu, takwimu zinakwenda kwenye seva, na mwisho wa mwezi hesabu ya malipo inatoka huko. Aliyeijenga alikuwa ameondoka zamani, akaniachia neno la siri na karatasi moja ya maelezo. Seva ilikuwa ya kupanga, kwa kampuni ndogo ya huko Ulaya ambayo sitaitaja, na ilikuwa na Debian 7, toleo ambalo viraka vyake vya usalama vilikoma mwaka wa 2018. Nilitaka kuipandisha ngazi. Katikati ya kazi, apt ikagoma: maktaba ya C, ile ambayo karibu kila programu inaitegemea, ikasema haiwekwi juu ya kerneli iliyo chini ya 3.2. Ndiyo maana nikaweka 3.16. Na ndiyo maana nilikuwa nimekaa saa sita usiku nikibishana na uname.

Nilikuwa na digrii ya sayansi ya kompyuta. Nilikuwa nimejibu maswali ya mtihani kuhusu kerneli. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kwenye seva ya kupanga, kerneli inaweza kuwa haiko kwenye diski yako kabisa.

Fikiria umepanga nyumba Umoja au Pipeline. Ndani ya chumba chako unaweza kupaka rangi, kubadilisha pazia, hata kuleta kabati jipya. Lakini swichi kuu ya stima na pampu ya maji zimefungiwa kwenye kibanda cha keateka huko chini. Ukinunua swichi mpya ukaiweka chumbani, stima haitajali. Kerneli yangu ya 3.16 ilikuwa swichi ya chumbani. Ile iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa kwenye kibanda, katika diski ya mtoa huduma.

Sasa swali ni hili: kwa nini watu wenye akili walipanga mambo hivyo? Jibu linatupeleka nyuma miaka mingi.

Mwaka wa 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ambayo kompyuta inapaswa kuyatimiza ili iweze kugawanywa kuwa mashine pepe kadhaa bila matatizo. Kwa lugha nyepesi walisema hivi: amri yoyote ya prosesa inayogusa mamlaka ya mashine ni lazima ikatike na kumwarifu msimamizi pale inapotolewa na mtu asiye na mamlaka. Mashine kubwa za IBM ziliweza. Prosesa za Intel za familia ya x86, hizi tulizozoea, hazikuweza. Kulikuwa na amri kama POPF ambayo, ikitolewa na asiye na mamlaka, haikati wala hailalamiki. Inapuuza tu sehemu ya kazi na kuendelea. Msimamizi hajui, mgeni naye anadhani amesikilizwa. Huwezi kujenga mashine pepe juu ya uongo wa namna hiyo bila ujanja.

VMware walikuja na ujanja wao mwaka wa 1999: programu yao ilisoma amri za mgeni zikiwa njiani na kuzitafsiri upya zile zenye shida. Kazi nzuri sana, ila ilikuwa ngumu, na haikuwa programu huria. Mwaka huohuo wa 1999 Jeff Dike alianza njia nyingine, User Mode Linux. Yeye aliifanya kerneli ya Linux iwe programu ya kawaida inayoendeshwa juu ya Linux nyingine, kama vile unavyofungua kivinjari. Hapo ndipo tunaona kerneli ya mwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Kerneli ya User Mode Linux ni faili moja iliyoko kwenye mashine ya mwenyeji. Mwenyeji anaianzisha na kuionyesha faili nyingine iwe diski ya mgeni. Mgeni hachagui.

Linode, iliyoanzishwa na Christopher Aker mwaka wa 2003, ilijengwa juu ya User Mode Linux. Ulilipa kwa mwezi, ukapata Linux yako yenye haki zote za mtumiaji mkuu, na kerneli ukaichagua kwenye orodha katika ukurasa wa mteja. Angalau kulikuwa na orodha.

Mwaka huohuo wa 2003, huko chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, kundi lililokuwa na Ian Pratt na Keir Fraser lilichapisha makala kuhusu Xen. Wazo lao lilikuwa la kijasiri, na mimi nalipenda kwa sababu ni wazo la mtu aliyechoka kubishana. Kama prosesa haiwezi kumkata mgeni anapotoa amri mbaya, basi tumbadilishe mgeni mwenyewe asitoe amri hizo. Waliichukua Linux wakaifanyia marekebisho, ili kila penye amri ya mamlaka kuwe na ombi kwa haipavaiza, yaani yule msimamizi aliye chini kabisa. Haipavaiza ikakaa kwenye ngazi ya 0 ya prosesa, kerneli ya mgeni ikashushwa ngazi ya 1, na programu za kawaida zikabaki ngazi ya 3. Makala yenyewe inataja mistari karibu 3,000 ya msimbo iliyoguswa upande wa Linux. Si mingi. Na kasi ilikuwa karibu sawa na ya mashine isiyogawanywa.

Lakini angalia gharama yake. Linux ya kawaida, ile unayoipata kwenye CD ya Debian au Fedora, haikuweza kuwaka juu ya Xen. Ilihitajika ile iliyorekebishwa. Na mashine ya namna hii haikuwa na BIOS, wala haikusoma sekta ya kwanza ya diski kutafuta programu ya kuamshia kama kompyuta yako ya mezani. Mwenyeji alikuwa na faili fupi la mipangilio kwa kila mteja, na ndani yake mstari mmoja unaosema kerneli iko wapi, kwenye diski ya mwenyeji. Xen iliichukua, ikaiweka moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mgeni, ikaiambia anza. Diski ya mteja ilisomwa baadaye, kerneli ikiwa tayari iko macho.

Basi tuje kwenye wingu. Wengi tunapofikiria Amazon EC2 tunafikiria Seattle, lakini sehemu kubwa ya EC2 ya mwanzo iliandikwa Cape Town, Afrika Kusini. Chris Pinkham alitaka kurudi nyumbani, Amazon haikutaka kumpoteza, na kundi dogo likajengwa huko akiwa na Willem van Biljon. Tarehe 25 Agosti 2006 Amazon ilifungua majaribio kwa umma. Mashine moja ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1.75, diski ya gigabaiti 160, na bei ilikuwa senti 10 za Marekani kwa saa. (Tarehe hiyo, kwa wapenda mambo kama mimi, ni miaka 15 kamili tangu Linus Torvalds alipotangaza kwamba anaandika mfumo wa uendeshaji kama burudani tu.) Chini ya yote kulikuwa na Xen, na kerneli ilikuwa moja: 2.6.16. Ulileta picha yako ya diski yenye usambazaji wowote wa Linux uupendao, na Amazon ikaiwasha kwa kerneli yake.

Maisha ya mpangaji wa enzi hizo yalikuwa na vituko vyake. Kerneli hupenda kuwa na moduli zake, vipande vya ziada vinavyokaa kwenye /lib/modules, na ni lazima vilingane na toleo lake hadi herufi ya mwisho. Kwa kuwa kerneli ilikuwa ya mwenye nyumba na moduli zilikuwa kwenye diski yako, ilibidi utafute moduli zilizojengwa pamoja na kerneli yake na kuzinakili. Ukisahau, siku unayohitaji mfumo fulani wa faili au kanuni ya ukuta wa moto, unaambiwa moduli haipo. Kisha kulikuwa na ile amri ya kuihamisha saraka ya /lib/tls na kuipa jina /lib/tls.disabled. Maktaba ya C ya biti 32 ilitumia segmenti za prosesa kwa namna iliyogongana na ulinzi wa Xen, na kila mgongano ulibidi utatuliwe kwa programu, polepole. Mwenzangu mmoja kazini, mzee kwa hesabu za fani yetu kwa sababu amepita miaka arobaini, bado anaikumbuka amri hiyo kwa vidole. Yeye alikuwa akifanya kazi hizi Nairobi kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kuanza kazi mwaka wa 2009, wakati intaneti yetu ilipitia setilaiti. Nilimuuliza alivumiliaje. Akanijibu kwamba hukupakua kitu chochote kwako: uliingia kwenye seva kwa ssh, herufi zikichelewa kuonekana, na upakuaji wote ukafanyika huko huko, seva kwa seva. Hiyo ilitosha.

Shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba marekebisho ya Xen hayakuwa ndani ya Linux rasmi. Yalikuwa rundo la viraka lililobebwa pembeni, na lilikuja kukwama kwa muda mrefu kwenye toleo 2.6.18 huku Linux yenyewe ikisonga mbele. Watoa huduma wakabaki na kerneli za kale, kila mmoja na rundo lake. Tundu la usalama likitokea, Debian wangetoa kiraka siku hiyohiyo, wewe ungekiweka kwa bidii zote, na kisingekuwa na maana yoyote, kwa sababu kerneli iliyoathirika haikuwa hiyo uliyoitibu.

Februari 2008 lilitokea tundu la vmsplice. Mtumiaji yeyote wa kawaida aliweza kujipa mamlaka yote kwenye kerneli kuanzia 2.6.17 hadi 2.6.24.1. Mwenye seva ya kawaida aliweka kiraka akalala. Mpangaji alimwandikia mwenye nyumba barua pepe, akangoja. Ila kuna kichekesho: kerneli za zamani zaidi, 2.6.16 kurudi nyuma, zilipona, kwa sababu vmsplice yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Sishauri mtu aifanye hiyo kuwa sera ya usalama.

Njia ya kutoka ilianza kujengwa pande mbili. Upande wa kwanza ni Linux rasmi. Oktoba 2007, toleo 2.6.23 lilikuja na uwezo wa kuwaka kama mgeni wa Xen kwa biti 32, na 2.6.27 ya Oktoba 2008 ikaongeza biti 64. Kwa mara ya kwanza kerneli ileile ya usambazaji wako iliweza kuwaka kwenye chuma halisi na kwenye Xen. Sasa kerneli nzuri ilikuwepo kwenye diski ya mteja. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuichukua.

Wa kwanza kutumwa aliitwa pygrub. Ni programu iliyoandikwa kwa Python, inayokaa upande wa mwenyeji. Kabla mashine yako haijawaka, inafungua diski yako, inasoma faili la mipangilio la GRUB, inatoa kerneli yako na kuikabidhi kwa Xen. Umeona tatizo? Programu yenye mamlaka yote ya mwenyeji inasoma faili lililoandikwa na mpangaji. Mwaka wa 2007 ilibainika kwamba pygrub ilichukua maneno kutoka kwenye faili hilo na kuyatekeleza kama msimbo wa Python. Yaani mpangaji angeandika mstari wa hila kwenye grub.conf yake, akawasha upya, na mstari huo ukatekelezwa kwenye kibanda cha keateka, pamoja na funguo za vyumba vyote. Tundu hilo lilipewa nambari CVE-2007-4993. Nikikutana na mtu anayesema watoa huduma walikuwa wakorofi tu kukataa kerneli za wateja, humkumbusha hili. Walikuwa na sababu ya kuogopa.

Jibu la kweli lilikuwa PV-GRUB, kazi ya Samuel Thibault, iliyotoka pamoja na Xen 3.3 mwaka wa 2008. Alichukua GRUB ya zamani, 0.97, akaifungasha juu ya mfumo mdogo sana uitwao Mini-OS, kiasi kwamba GRUB yenyewe ikawa mgeni wa Xen. Mwenye nyumba bado anatoa "kerneli", lakini kerneli hiyo ni PV-GRUB. Inawaka ndani ya chumba cha mpangaji, kwa mamlaka ya mpangaji tu, inasoma menu.lst kwenye diski yake, inapakia kerneli yake kwenye kumbukumbu, kisha inajifuta na kumwachia nafasi. Mpangaji akiandika uchafu kwenye menu.lst, anajiumiza mwenyewe tu. Ni mchoro mzuri sana, na nasikitika kwamba hatukufundishwa chuoni.

Amazon ilichukua miaka miwili zaidi. Kuanzia 2008 iliruhusu kuchagua kerneli, lakini zile zilizoandaliwa na yenyewe au na kampuni chache ilizokubaliana nazo, kama Red Hat na Canonical. Julai 2010 ikatangaza PV-GRUB, na kuanzia hapo mtu yeyote akawasha kerneli yake. Kulikuwa na aina mbili, hd0 na hd00, kutegemea kama diski yako ina jedwali la sehemu au haina. Ukichagua isiyo yako unapata kimya kizito na hakuna maelezo.

Waliofurahi zaidi pengine hawakuwa watu wa Linux. Colin Percival wa mradi wa FreeBSD alikuwa ametaka kwa miaka kuuwasha mfumo wake kwenye EC2, na bila kerneli yako mwenyewe FreeBSD haipo kabisa, maana Linux na FreeBSD ni mifumo tofauti kuanzia kwenye kiini. Desemba 2010 alifaulu, kwenye mashine ndogo kabisa ya t1.micro. Mashine za aina nyingine zilimsumbua, na njia aliyoipata baadaye inanichekesha hadi leo. Amazon ilikuwa na mashine zinazowaka kwa namna ya kompyuta halisi, zenye BIOS, kwa ajili ya Windows. Basi akaifanya FreeBSD ijisajili kama Windows. Ilifanya kazi, ila wateja wake walilipa bei ya Windows kwa kuendesha mfumo wa bure.

Turudi usiku ule wa 2021. Baada ya saa nzima ya kusoma nilielewa kwamba seva yetu ilikuwa Xen ya namna ya zamani, na kwenye ukurasa wa mteja, chini kabisa, kulikuwa na orodha. Juu yake 2.6.32, iliyokuwa imechaguliwa tangu mwanzo, na mwisho wake maneno pv-grub-x86_64. Nikaandika menu.lst kwa mkono, nikachagua, nikawasha upya.

Kimya. Ping hairudi. Dakika tano, kumi, ishirini. Ilikuwa tarehe 29, na hesabu ya malipo ya wakulima ilitakiwa kutoka kesho yake. Nakala ya hifadhidata nilikuwa nayo kwenye laptopu, namshukuru Mungu, lakini nakala haipokei maziwa ya asubuhi.

Mtoa huduma alikuwa na konsoli ya dharura. Nikaifungua, nayo ilikuwa tupu. Nilikaa hapo kwa muda nikidhani mashine imekufa kabisa. Kumbe kerneli ya zamani ilitoa maandishi yake kwenye konsoli ya jina moja na mpya inayatoa kwenye hvc0, na mimi sikuwa nimeiambia hivyo. Nikarudi kwenye mfumo wa uokoaji, nikaongeza console=hvc0 kwenye menu.lst, nikawasha tena. Sasa mistari ikaanza kushuka, na sijawahi kufurahia mistari hiyo namna ile. Ikasimama kwenye mstari mmoja: /dev/sda1 haipo.

Hapo ndipo historia yote niliyowaeleza ilinishukia mimi binafsi. Kerneli za rundo la viraka ziliiruhusu diski ya Xen ijiite sda, kama diski ya kawaida. Linux rasmi iliipa jina lake, xvda. Faili la fstab na menu.lst yangu vilikuwa bado na jina la zamani, na kerneli mpya ilikuwa ikitafuta diski isiyokuwepo huku diski yenyewe ikiwa pale pale, kwa jina jingine. Nilibadilisha majina sehemu tatu. Saa kumi na robo alfajiri seva ikaomba neno la siri. Niliandika uname -r. 3.16.

Saa kumi na moja simu ikalia. Ni katibu wa ushirika, mzee ambaye huamka kabla ya ng'ombe.

"Kijana wangu, karani wa kituo cha kwanza anasema jana usiku mtambo ulikataa. Leo tutaandika kwa kitabu?"

"Hapana mzee. Sasa inafanya kazi. Mwambie ajaribu."

"Na pesa za wakulima?"

"Zitatoka kesho."

"Haya. Umelala?"

Nilimdanganya kwamba nimelala.

Kilichoua mtindo huu wa kerneli ya nje ni prosesa zenyewe. Novemba 2005 Intel ilianza kuuza chipu zenye VT-x, na AMD wakafuata 2006 na teknolojia yao. Sasa amri kama POPF hazikuwa tatizo tena. Masharti ya 1974 yakatimizwa, miaka zaidi ya 30 baadaye. Mgeni aliweza kuwaka bila kurekebishwa: BIOS ya kuigiza, sekta ya kwanza ya diski, GRUB, kerneli, kama kompyuta yoyote. Mwanzoni njia hii ilikuwa polepole. Kisha prosesa zikajifunza kusimamia majedwali ya kumbukumbu ya wageni zenyewe, AMD mwaka wa 2007 na Intel mwaka wa 2008, na mizani ikageuka. Kwenye biti 64 ile Xen ya zamani ilikuwa na ulemavu wake: ngazi ya 1 haikufaa tena, kwa hivyo kerneli ya mgeni iliishi ngazi ya 3 pamoja na programu zake, na kila ombi lilipitia kwa haipavaiza. Januari 2018 tundu la Meltdown lilipotangazwa, wageni wa namna hiyo waliweza hata kuisoma kumbukumbu ya haipavaiza, na watu wa Xen wakaja na suluhisho la kuwafunga ndani ya mashine za namna mpya.

Februari 2007 KVM ya Avi Kivity iliingia kwenye Linux rasmi na toleo 2.6.20, nayo ilitegemea chipu hizo mpya tangu siku ya kwanza. Ungetarajia kerneli ya mwenye nyumba iishe hapo. Haikuisha mara moja. QEMU, inayofanya kazi pamoja na KVM, ina chaguo la kupakia kerneli moja kwa moja kutoka kwa mwenyeji, na baadhi ya watoa huduma walilipenda. DigitalOcean katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa hivyo: apt ingeweka kerneli mpya, na wewe ungeendelea kuwaka na ile iliyochaguliwa kwenye ukurasa. Watu wakatumia kexec, uwezo ulioingia Linux mwaka wa 2005, unaoiruhusu kerneli moja kupakia nyingine na kuiachia kiti bila kupitia BIOS. Yaani unawaka na ya mwenye nyumba, na sekunde chache baadaye unaruka kwenda kwenye yako. Si safi, lakini ilifanya kazi. Linode ilihamia Xen mwaka wa 2008, kisha KVM mwaka wa 2015, na hapo GRUB 2 ikawa chaguo la kawaida kwa anayetaka kerneli yake.

Waliobaki bila tumaini ni wapangaji wa OpenVZ. Huko wateja wote hutumia kerneli moja kwa pamoja, kwa hivyo hakuna cha kubadilisha. Docker ilipokuja mwaka wa 2013, na baadaye ikadai kerneli 3.10 au zaidi, wengi walikuwa juu ya 2.6.32 na walichoweza kufanya ni kuhama tu.

Novemba 2017 Amazon ilitoa mashine za C5, ambazo haipavaiza yake imejengwa juu ya KVM, na tangu hapo mashine mpya za EC2 zimefuata njia hiyo. Aprili 2020 ikafungua vituo vyake Cape Town, mji ambako msimbo wa kwanza uliandikwa.

Ushirika wetu ulihama mwaka wa 2022. Seva mpya ina BIOS ya kuigiza, GRUB yake, na kerneli inayokuja na viraka vya kawaida vya Debian. Ile ya zamani niliiacha mpaka mkataba ulipokwisha, ikiwa na xvda yake na karatasi ile ya maelezo, ambayo sasa imekuwa karatasi nne. Wiki ijayo, kazi zikiruhusu, nitaandika kuhusu initramfs, maana wawili wenu mmeniuliza ni nini hasa kilichokuwa kikitafuta sda1 usiku ule. Kwaherini kwa sasa.